Shajara ya gari lisilochanganya: injini dhaifu iliyoificha klachi

Gari: petroli, lita 1.5, gia 5 za mkono, linavutwa na magurudumu ya mbele, klachi ya majimaji.

Siku ya 1, odometa 187,412

Kwa miezi kama miwili sasa gari ni zito. Mlima lililokuwa likiupanda kwa gia ya 4 siku hizi linadai ya 3, na kulipita lori kumekuwa jambo la kupigia hesabu mara mbili. Nimeshapewa majibu matatu na watu watatu. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi na filta ya hewa, gari likabaki vilevile. Wa pili alivuta handibreki, akatia gia ya 3, akaachia klachi. Injini ikazimika papo hapo, naye akasema klachi ni nzima. Wa tatu alisema klachi imekwisha, na alisema hivyo gari likiwa limezimwa.

Nimechoka kununua vipuri kwa kubahatisha. Kuanzia leo napima kwanza, naandika, ndipo nafungua.

Kuna magonjwa mawili ambayo dereva akiwa kwenye kiti anayasikia kama moja. Klachi ikiteleza, injini inapandisha mizunguko lakini mwendo haufuati. Injini ikiwa dhaifu, hata mizunguko yenyewe haipandi, mshale unajikokota. Yote mawili mtu anayaita "gari halivuti", halafu anaenda kubadilisha kitu kisicho na kosa.

Uzuri wa gari la gia za mkono ni kwamba pleti ya klachi ikishika, kati ya injini na barabara hakuna kinachoweza kuteleza isipokuwa tairi. Kila gia ina uwiano wake kati ya mizunguko ya injini na mwendo, na uwiano huo haubadiliki kwa kukanyaga mafuta wala kwa mlima. Nimechukua namba za giaboksi kwenye kitabu cha gari: gia ya 5 ni 0.815, fainali (gia ya mwisho kabla ya magurudumu) ni 4.312. Tairi zangu zinasafiri kama mita 1.90 kwa kila mzunguko. Hesabu inatoa hivi, mizunguko kwa dakika kwa kila kilomita 1 kwa saa:

gia ya 3: 49.6
gia ya 4: 36.7
gia ya 5: 30.8

Yaani nikiwa gia ya 5 kwa kilomita 90 kwa saa, injini lazima iwe kwenye mizunguko 2,770 hivi. Ikiwa 3,200, klachi imeteleza, hata kama sijasikia chochote.

Mwendo sitausoma kwenye dashibodi, kwa kuwa spidomita nyingi hutengenezwa zisome juu kidogo kuliko mwendo halisi. Nitausoma kwenye simu kwa setilaiti, na mizunguko nitaisoma kwa kifaa cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD (ya kusomea kompyuta ya gari) chini ya usukani.

Siku ya 2, odometa 187,440

Barabara tupu, ndefu, yenye mwinuko mdogo. Mimi nimeendesha, mdogo wangu ameshika simu na kusoma namba kwa sauti. Hili si jambo la kufanya peke yako. Anayeendesha macho yake yawe barabarani.

Gia ya 5, kilomita 70 kwa saa, mafuta chini kabisa. Nilitegemea mshale uruke.

"Kaka, hautoroki," akasema. "Unapanda pamoja na spidi, pole pole."

Tumerudia mara nne. Kutoka 70 hadi 100 kwa gia ya 5 ilichukua sekunde 17.2. Kutoka 40 hadi 80 kwa gia ya 3, sekunde 11.6. Uwiano wa gia ya 5 haukutoka kati ya 30 na 31 hata mara moja. Kwa hiyo klachi inashika, na shida iko kwenye injini. Nimeandika hivyo kwa kalamu ya wino.

Jambo moja ambalo nimeliandika pembeni tu: tuliporudi nyumbani nilirudi kinyumenyume kwenye mteremko nikiwa nachezesha klachi, na ilikuja harufu, kama karatasi iliyoungua ikachanganyika na oili. Ilidumu sekunde chache. Nimeona ni kawaida ya klachi ikichezewa.

Siku ya 3

Vitu vya haraka, ili niviondoe mezani. Upepo wa tairi uko sawa. Baada ya mwendo wa dakika 20 bila kutumia breki sana, ringi zote nne zina joto linalolingana, kwa hiyo hakuna breki inayokwama. Gari likiwa tambarare linasukumika kwa mkono. Eksozi inatoa moshi kwa nguvu inayoeleweka, haijaziba.

Siku ya 5, odometa 187,503

Leo nimezama kwenye namba za kompyuta ya gari. Taa ya injini haijawaka, lakini kifaa kimeonyesha kodi (namba ya hitilafu) inayosubiri: P0171, maana yake mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli.

Gari likiwa limesimama na injini ikinguruma yenyewe, nyongeza ya petroli ambayo kompyuta inaweka ni asilimia 4. Hiyo si ya kutisha. Barabarani, kila nikikanyaga mafuta, nyongeza inapanda: 11, 15, 19. Ingekuwa hewa inaingia kwenye manifoldi (mabomba yanayogawia silinda hewa), nyuma ya kipepeo cha mafuta (kilango cha hewa kinachofunguka ukikanyaga mafuta), ningetegemea kinyume chake, kwamba nyongeza iwe kubwa injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini, pale mvuto wa manifoldi ulipo mkali, kisha ipungue ninapokanyaga. Yangu inakua na mzigo. Hapo nimefikiria ule mpira mnene wenye mikunjo, unaopeleka hewa kutoka kwenye sensa ya hewa hadi kwenye kipepeo.

Kwa macho mpira ulikuwa mzima. Nikaushika kwa mikono miwili na kuupinda kama anayekunjua kola ya shati. Kwenye mkunjo wa tatu, upande wa chini, ukafunguka mpasuko mrefu kama kidole changu cha shahada. Nilipouachia, ukajifunga, nisione hata mstari. Ndani ulikuwa na oili, na mpira umelainika hadi unabonyea kwa ukucha.

Sasa naelewa kwa nini kila aliyeangalia gari likiwa limesimama hakuona kitu. Injini ikipewa mzigo inalala kidogo kwenye mauntini (vishikizi) zake, mpira unavutika, mpasuko unafunguka. Hewa inaingia bila kupita kwenye sensa. Kompyuta inahesabu hewa kidogo, inatoa petroli kidogo, na nguvu inapotea wakati hasa unapoihitaji. Ukisimama kuangalia, kidonda kimejifunga.

Nimeagiza mpira mpya.

Siku ya 9, odometa 187,560

Mpira mpya umefungwa, sensa imepulizwa kwa dawa yake maalumu (si dawa ya breki, waya wa sensa ni mwembamba na haufai kuguswa). Nimefuta kodi na kuendesha kilomita 30 ili kompyuta ijifunze upya. Nyongeza ya petroli sasa iko kati ya asilimia 1 na 3 popote nilipo.

Gia ya 3, kutoka 40 hadi 80: sekunde 8.1. Siku ya 2 ilikuwa 11.6. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Hili ndilo gari nililolijua.

Kisha tukaenda kwenye barabara ile ile yenye mwinuko, gia ya 5, kilomita 70 kwa saa, mafuta chini. Gari likachanganya vizuri kwa sekunde chache. Karibu na 80 sauti ya injini ikabadilika. Iliinuka ghafla, nyepesi, kama mtu aliyekuwa akivuta kamba na kamba ikamponyoka. Mgongo wangu haukusukumwa kwenye kiti.

"Kaka, 3,150. Spidi 84."

Kwa kilomita 84 gia ya 5 inatakiwa kuwa na mizunguko 2,590 hivi. Mizunguko 560 imepotelea njiani. Nikaachia mafuta, mshale ukashuka na kunasa mahali pake. Nikakanyaga tena, ukatoroka tena. Na ile harufu ya karatasi iliyoungua ikajaa ndani.

Klachi inateleza. Na siku ya 2, kwenye barabara hiyo hiyo, gia hiyo hiyo, haikuteleza.

Nimekaa na jambo hili jioni nzima, kwa sababu nilikuwa nimeandika kwa wino kwamba klachi inashika. Sikukosea kupima, nilikosea kusahau mzigo niliopimia. Klachi haishiki au kuteleza tu kama taa inayowaka na kuzimika. Ina kiwango cha toki (nguvu ya kuzungusha) inachoweza kupitisha, kinachotokana na nguvu ya springi ya presha pleti (sahani inayoibana pleti), ukubwa wa pleti, na msuguano wa sura zake mbili zinazobanwa. Kiwango hicho kikishuka kutokana na uchakavu au oili, klachi itaendelea kushika vizuri kabisa ilimradi injini inatoa toki chini ya hapo. Injini yangu dhaifu haikufika kwenye kiwango. Nilipoiponya, ikafika na kupita. Ule mpasuko wa mpira ulikuwa unailinda klachi inayokufa.

Hii pia inaeleza jaribio la handibreki na gia ya 3. Kwa kuachia klachi injini ikiwa kwenye mizunguko midogo, toki ni ndogo na klachi ni baridi. Klachi iliyokufa kabisa itajitokeza hapo. Iliyo katikati itafaulu. Injini ikizimika kwenye jaribio lile, umejua tu kwamba klachi haijafika mwisho. Hujajua kwamba ni nzima.

Na kwa nini gia ya 5 ndiyo inayofichua kwanza? Kwenye gia ndogo injini inapanda mizunguko kwa kasi, kwa hiyo sehemu ya toki yake inaishia kuizungusha flaiwili yenyewe (gurudumu zito la nyuma ya injini) na haifiki kwenye pleti. Tena dereva hakai na mafuta chini kwa muda mrefu. Kwenye gia ya 5 mlimani, karibu toki yote inapita kwenye pleti, sekunde baada ya sekunde, na pleti inazidi kupata moto.

Moto wenyewe si mdogo. Kama klachi ilikuwa inapitisha toki ya Nm (nyutonimita) 110 huku ikiteleza mizunguko 560 kwa dakika, ni zaidi ya kilowati 6 za joto, sawa na birika tatu kubwa za umeme zikichemka kwa pamoja ndani ya sahani ya chuma. Sitarudia jaribio hili. Mara mbili zimetosha kunipa jibu, na kila jaribio linaila klachi na flaiwili.

Siku ya 10

Kabla ya kushusha giaboksi lazima nijue kama klachi inateleza kwa sababu haiachiwi kurudi kikamilifu. Pedeli ina mchezo wa milimita 9 kabla ya kuanza kusukuma. Kitabu kinataka 5 hadi 15. Nikalegeza skrubu ya kutolea upepo kwenye silinda ya chini bila mtu kukanyaga pedeli: majimaji yalichuruzika taratibu tu, hayakuruka, kwa hiyo masta silinda (pampu ya majimaji inayosukumwa na pedeli) haijafungia presha ndani. Mtu akikuta yanaruka kwa nguvu, aanze na masta silinda kabla ya kununua pleti.

Kisha nikaingia chini na tochi. Pale injini na giaboksi zinapokutana, kwenye kitundu cha chini cha kifuniko, palikuwa na tone moja jeusi linaning'inia. Nimeligusia karatasi nyeupe. Jeusi, jepesi, harufu ya injini. Oili ya giaboksi ina harufu kali ya salfa ambayo ukiinusa mara moja huisahau, na hii haikuwa hiyo.

Siku ya 16 na 17, odometa 187,571

Giaboksi imeshuka. Kazi ya siku mbili kwangu na mdogo wangu, na nyingi yake ni bolti tu: betri, draivu shafti mbili, silinda ya klachi, mauntini, huku injini imeshikiliwa kutoka juu. Gari liko kwenye stendi nne. Hakuna aliyeingia chini likiwa kwenye jeki peke yake, hata kwa kuokota spana.

Vumbi la ndani ya kifuniko sikulipuliza kwa upepo. Pleti za zamani ziliwahi kutengenezwa kwa asbesto, na vumbi la klachi halifai kuvutwa kwa vyovyote. Nililowesha na kufuta kwa kitambaa.

Pleti ninayo mezani wakati naandika. Nilitegemea kukuta imeliwa hadi kwenye riveti. Haijaliwa. Kina kutoka usoni hadi kichwa cha riveti ni milimita 0.9, na mwisho unaokubalika ni 0.3. Ilikuwa na maisha mengi mbele. Lakini upande wa flaiwili, nusu ya ndani ni ya kijivu kikavu, na ukanda wa nje, upana wa vidole viwili, unang'aa kama kioo cheusi. Nikipitisha kidole kinateleza na kuacha alama yenye mafuta. Oili imeingia, ikapikwa na joto, ikawa varnishi.

Flaiwili ina madoa ya bluu sehemu tatu, hakuna ufa, na kucheza kwake ni milimita 0.04 wakati mwisho ni 0.1. Nyuma yake, kuanzia kwenye sili (mpira wa kuzuia oili) ya krenkishafti, shafti kuu ya injini, kushuka chini, kuna njia ya oili iliyonyooka. Sili ya mbele ya giaboksi ni kavu.

Kama ningefuata ushauri wa fundi wa tatu na kubadilisha klachi tu, pleti mpya ingelowa hivyo hivyo.

Siku ya 18

Swali lililonizuia kufunga: kwa nini sili imeanza kutoa oili? Nikakumbuka jaribio nililolifanya siku ya 10, kabla ya kushusha giaboksi: nilichukua glavu nyembamba ya mpira, nikaifunga kwenye mdomo wa kujazia oili, nikawasha injini. Kwenye injini inayopumua vizuri glavu hunyonywa kwenda ndani kidogo. Yangu ilijaa, vidole vitano vikasimama wima.

Valvu ya kupumulia injini imeziba. Nimeichomoa na kuitikisa. Haigongi, imejaa tope jeusi. Injini iliyokosa pa kupumulia inatafuta njia: presha inasukuma oili kwenye sili ya nyuma, na mvuke wa oili unarudi kupitia bomba la kupumulia hadi kwenye ule mpira wa hewa. Ule uliolainika na kupasuka. Nimeiweka valvu ile juu ya meza, kati ya mpira uliopasuka na pleti iliyolowa. Ni kipande kidogo kuliko kidole gumba, na naamini ndicho kilichoanzisha yote mawili.

Siku ya 22 hadi 24

Kufunga. Valvu mpya, sili mpya ya krenkishafti, pleti, presha pleti, na rilizi beringi (beringi inayosukuma springi za klachi ukikanyaga pedeli). Rilizi beringi ya zamani ilikuwa bado inazunguka kimya, lakini giaboksi ikishashuka hakuna sababu ya kurudisha beringi ya kilomita 187,000.

Niliyoyazingatia zaidi: sura mpya ya presha pleti huja na mafuta ya kuzuia kutu, nimeyafuta kwa dawa ya kusafishia breki, pamoja na flaiwili baada ya kuisugua kwa msasa ili mng'ao utoke. Pleti ina upande wake, kitovu kinachojitokeza kinaangalia giaboksi. Nimeiweka katikati kwa pini ya kulenga, na bolti za presha pleti nimezikaza kwa msalaba, kidogo kidogo, kisha kwa spana ya toki. Grisi kwenye meno ya shafti ni ya kupaka tu na kufuta; ikizidi itarushwa kwenye pleti na nitakuwa nimejiletea ugonjwa ule ule kwa mkono wangu.

Giaboksi iligoma kuingia sentimita 2 za mwisho. Kuivuta kwa bolti ni kosa linalopinda pleti. Tulishusha jeki kidogo, mdogo wangu akaizungusha krenkishafti kidogo kwa spana giaboksi ikiwa kwenye gia, meno yakakutana, ikaingia kwa sauti moja nzito.

Odometa 188,390

Kilomita kama 800 za upole tangu kufunga, nyingi za mjini, kusimama na kuondoka, bila mafuta chini hata siku moja, ili sura za pleti na flaiwili zizoeane. Glavu kwenye mdomo wa oili inanyonywa. Kitundu cha chini ni kikavu. Nimepitisha karatasi nyeupe na imetoka nyeupe.

Leo tumerudi kwenye barabara ile. Gia ya 3, kutoka 40 hadi 80: sekunde 7.9. Gia ya 5, kutoka 70 hadi 100, mafuta chini kwenye mwinuko: sekunde 11.8, na mdogo wangu akasoma namba mwanzo hadi mwisho. Kwa kilomita 84, mizunguko 2,590. Kwa 90, 2,775. Kwa 100, 3,080. Hakuna harufu. Nitapitisha karatasi tena kwenye kitundu cha chini odometa ikifika 190,000.